Upawa wa Rubi

Wiki ya kwanza Rubi alikuwa mwanafunzi ambaye mwalimu yeyote angemwomba Mungu ampe. Akiambiwa akae, amekaa. Akiambiwa alale, kifua kiko chini kabla neno halijaisha. Masikio yake mawili, moja limesimama na la pili limekunjika nchani, yalimfuata Sidi kila alikogeuka. Naye Sidi, ambaye katika miaka saba ya kusimama getini akipekua mikoba ya wanawake hakuwahi kusifiwa na mtu, alianza kurudi nyumbani akitembea kwa maringo kidogo. Mwacheni, alikuwa na haki yake.

Wiki ya pili mambo yakaharibika. Hakuna aliyeona yalikoanzia. Rubi alianza kutazama nyasi. Sidi akimwita, Rubi alikuja, lakini pua yake ilikuja ikisugua ardhi, ikizunguka huku na huku, ikifika miguuni kwa Sidi kama kwamba Sidi ni mti uliosimama njiani. Akiambiwa akae alikaa upandeupande, macho chini. Baada ya dakika kumi alipiga miayo. Baada ya ishirini alilala bila kuambiwa, kidevu juu ya nyasi, akinusa.

Mafunzo yalifanyika Tudor, katika kiwanja kilichokuwa nyuma ya maghorofa, kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, kabla jua halijakasirika. Walinzi walikuwa sita na mbwa sita, wote wa kampuni moja ya ulinzi, na Sidi peke yake ndiye mwanamke. Alichaguliwa kwa sababu mteja mmoja mwenye kituo cha mabasi alitaka mlinzi wa kike mwenye mbwa, abiria wa kike wasione haya kukaguliwa. Mwalimu wao, Kioko, alikuwa mtu wa Machakos aliyefundisha mbwa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alining'iniza filimbi shingoni na hakupenda maneno mengi, ila methali moja aliyoirudia kila siku mpaka mbwa wenyewe nadhani waliijua.

"Mkono mtupu haulambwi," alisema. "Mbwa si malaika. Mfanyie kazi yake iwe na faida, naye atakufanyia yako."

Jumatatu ya wiki ya tatu Kioko alimsogelea Sidi na kusimama kando yake, wote wawili wakimtazama Rubi aliyekuwa ananusa nyasi.

"Huyu amechoka na shule," alisema. "Jumamosi ni mtihani, Sidi. Asiyefaulu anaenda machimboni. Wewe utapewa mbwa mwingine, usiwe na wasiwasi."

Wasiwasi ndio uliomshika hapohapo. Machimbo yenyewe yalikuwa upande wa bara, penye vumbi jeupe na malori ya mawe, na mbwa wa huko hakutakiwa kujua kukaa wala kulala. Alifungwa mnyororo kwenye mlingoti, akabweka, basi. Sidi alizaliwa Ganze, na jirani yao alikuwa na mbwa wa namna hiyo. Alikumbuka ile duara ambayo mbwa huyo aliichora kwa miguu yake kuuzunguka mti, mahali ambapo nyasi hazikuota tena hata baada ya mbwa kufa. Hakutaka mbwa mwingine. Alimtaka huyu, mwenye sikio lililokunjika, na alishangaa kujisikia hivyo, kwa maana hata kumgusa hakuwa amemgusa.

Hilo nalo lilikuwa na sababu yake. Sidi aliishi Mji wa Kale na mavyaa yake, Bi Fadhiya, mama wa mumewe. Mume huyo alikuwa dereva wa lori wa safari za mpakani Malaba, na nyumbani alionekana kwa nadra kama mwezi mwandamo. Siku Sidi aliposema kwamba amepewa kazi ya mbwa, Bi Fadhiya alimaliza kwanza kuchambua mchele wake, kisha akasema kwa upole.

"Mbwa wa ulinzi hakukatazwa, mwanangu. Kazi ni kazi. Lakini mate yake ni najisi, na nyumba hii yasaliwa. Nami ni mtu mzima, kuosha kitu mara saba, moja kwa udongo, kila siku siwezi. Nitakalo ni moja tu, usiguswe na mate yake."

"Sitaguswa, mama," Sidi alisema.

Na ahadi ya Sidi ilikuwa ahadi. Tangu siku ile, kila alipoingia ndani, Bi Fadhiya aliuliza, "Umeguswa?" naye Sidi alijibu, "Sikuguswa," kisha ndiyo salamu zikafuata. Mwalimu Kioko alimpa glavu za mpira, lakini Rubi alipoziona alirudi nyuma na kutoa meno, kwa sababu daktari wa mifugo aliyemchoma sindano alivaa kama hizo. Basi Sidi akapata njia yake mwenyewe. Wenzake waliwalisha mbwa wao kiganjani, wakalambwa mpaka viwiko. Yeye alichukua kipande cha ini kwa ncha za vidole, na Rubi akifanya vizuri alikidondosha chini, mbele ya miguu ya mbwa. Ilikuwa safi, ilikuwa haraka, na kila mtu aliridhika.

Jumatatu hiyo, baada ya onyo la Kioko, mlinzi mwenzake aitwaye Jared alimjia na ushauri. Jared alikuwa na mbwa mnene na ushauri wa kila jambo.

"Mbadilishie chakula, dada. Mimi ningelishwa ini wiki mbili mfululizo, ningelala darasani pia."

Sidi alipita Makadara jioni akanunua mishikaki miwili, isiyotiwa pilipili. Kesho yake alianza kuidondosha kipande kwa kipande. Rubi alichangamka, hilo halikukanushika. Alichangamkia ardhi. Alinusa kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha, akalamba nyasi, akachimba kidogo kwa ukucha. Sidi alipomwita jina hakuinua hata kope. Kadiri nyama ilivyokuwa tamu, ndivyo Rubi alivyozidi kusahau kwamba mtu yupo.

Wiki ya pili Kioko alikuwa amemwambia afupishe masomo, dakika tano tano, kisha mbwa acheze. Akafupisha. Akamwambia amlete na njaa. Akamleta na njaa, na siku hiyo Rubi alitafuna nyasi zenyewe. Mtu wa bidii akikosea hukosea kwa bidii, na Sidi alikuwa mtu wa bidii.

Alirudi nyumbani Jumanne akiwa amechoka moyo kuliko miguu. "Umeguswa?" "Sikuguswa." Alioga, akabadili nguo, akapanda juu na kukaa karibu na dirisha lililoangalia kichochoro. Bi Fadhiya alimmiminia chai ya tangawizi, kisha akachukua sahani ya miiba ya samaki iliyobaki na kuinama dirishani, kama afanyavyo kila alasiri. Chini kulikuwa na jiwe pana kando ya mlango. Paka saba walikuwa wamelizunguka, wamelikodolea macho. Miiba ikaanguka juu ya jiwe, pa, na paka wakaivamia. Hakuna aliyetazama juu.

"Hawa," Bi Fadhiya alisema akifuta mikono, "nawalisha mwaka wa kumi na mbili sasa, wao na mama zao. Nikishuka ndiani, hapo kichochoroni, hakuna hata mmoja anijuaye. Wanipita kama mpangaji." Akacheka kidogo. "Wanalijua lile jiwe. Lile ndilo mama yao."

Sidi alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha mezani bila kunywa.

Akainuka na kwenda dirishani. Paka walikuwa wamemaliza miiba, lakini walibaki wamekaa vilevile, wakilitazama jiwe kwa heshima na mapenzi. Alihisi uso wake ukipata joto. Wiki mbili nzima alikuwa akimfundisha Rubi kwa uangalifu kwamba mambo mema yote ya dunia hutoka kwenye nyasi. Mbwa hakuchoka na shule. Mbwa alikuwa mwanafunzi hodari kama siku ya kwanza, na somo alilofundishwa alilishika lote.

"Kuna nini?" Bi Fadhiya aliuliza.

"Hakuna, mama. Chai imepoa tu."

Kujua kosa ni jambo moja, kulitoa ni jingine. Kiganjani hakuweza kumlisha, ahadi ilikuwapo. Glavu hazikufaa. Usiku alilala akiwaza, na asubuhi na mapema, kabla ya kwenda Tudor, alipita soko la Marikiti, wachukuzi wakiwa bado wanashusha magunia ya viazi. Kwa mama mmoja aliyeuza mbuzi za kukunia nazi, mafagio na miko, aliona upawa umening'inia, kifuu cha nazi kilichosuguliwa kikang'aa, na mpini mrefu kama mkono wa mtu.

"Wa mchuzi au wa uji?" mama aliuliza.

"Wa mgeni," Sidi alijibu, na haukuwa uongo mkubwa.

Alipofika kiwanjani na upawa mkononi, wanaume watano walisahau mbwa wao.

"Leo kuna pilau?" Jared aliuliza. "Ungetuambia tuje na sahani."

"Pilau ni ya wenye akili," Sidi alisema. "Wewe subiri."

Aliweka kipande cha ini ndani ya kifuu, akauinua upawa kando ya shavu lake, akasimama mbele ya Rubi. Rubi alitazama nyasi. Alinusa kushoto, akanusa kulia, akasubiri nyama ianguke. Haikuanguka. Harufu ilitoka kwingine. Pua ikapanda taratibu, goti, mkanda, kifua, hadi ikafika kwenye upawa, na pembeni ya upawa palikuwa na macho ya Sidi. Wakatazamana. Mara hiyohiyo Sidi alisema, "Vizuri," akaushusha upawa mpaka mdomoni mwa Rubi, na ini likaenda zake.

Alirudia mara kumi. Mara ya kumi na moja Rubi hakunusa chini kabisa. Alikaa wima, sikio moja juu na jingine limekunjika, na akamtazama usoni kabla upawa haujainuliwa. Sidi ilimbidi ageuke upande kidogo, maana machozi yalikuwa yamemjia na Jared alikuwa anaangalia.

Kioko alikuja polepole, filimbi ikiyumba. Aliukagua upawa kama mtu anayekagua bunduki ya kigeni.

"Ulikuwa unamtupia chini," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mimi nilikuwa naona, na sikuona." Kwa Kioko, hayo yalikuwa maungamo. "Endelea."

Alhamisi ni kama mbwa mwingine alikuwa amezaliwa. Rubi alifuata, akageuka, akalala, akaja mbio, macho yake hayatoki usoni kwa Sidi. Sidi alijifunza kufupisha masomo kwa kweli sasa, kumwachia Rubi avute kamba ya makumbi ya nazi baada ya kila zoezi, kuacha wakati mbwa bado anataka zaidi. Ndipo Kioko akaja na neno jingine.

"Jumamosi upawa haupo."

"Haupo vipi?"

"Mteja atakuja kutazama. Mlinzi hawezi kusimama kituoni na upawa kama mpishi wa harusi. Chakula chochote mnaacha mezani, hata mfukoni hakuna. Na zoezi la mwisho," alimtazama kwa huruma, "ni chakula cha mgeni. Mtu asiyemjua atatupa ini chini, mbele ya Rubi. Akila, ameanguka. Ni sheria, Sidi, si mimi. Wezi hutumia sumu."

Sidi alisimama na kulielewa jambo hilo polepole. Ini, chini, kwenye nyasi. Kama angetafutwa adui wa kumwekea Rubi mtego, asingeweza kuutengeneza vizuri kuliko alivyoutengeneza yeye mwenyewe kwa wiki mbili.

Siku mbili alizobakiwa nazo hakuzilala. Aliuchomeka upawa nyuma ya mkanda wake, usionekane, akawa anautoa mara moja tu baada ya mazoezi matatu, kisha manne, kisha sita. Alimfundisha Rubi kusubiri. Alimwambia Jared adondoshe ini chini, na kila Rubi alipoliacha na kumtazama, upawa ulitoka nyuma na kitu kitamu zaidi. Ijumaa Rubi aliliacha mara tatu, na mara mbili alilila. Mara tatu kwa mbili si hesabu ya kumlaza mtu usingizi.

Jumamosi mteja alikuja, bwana mmoja mwenye kofia ya kiua iliyodariziwa na miwani, akaketi kwenye kiti cha plastiki kivulini. Jared na mbwa wake mnene walifaulu, kwa jinsi ambayo hata Jared hakuielewa. Mbwa wawili wakafaulu. Mmoja akaanguka, akamfukuza kunguru mpaka ukutani, na mlinzi wake akamfuata ameinamisha kichwa. Kisha jina la Sidi likaitwa.

Aliuacha upawa mezani. Mikono yake ikawa mitupu na mizito, hakujua aiweke wapi. Alitembea, na Rubi akatembea ubavuni. Aligeuka, akageuka. Akae, amekaa. Alale, amelala, na dakika tatu zikapita na bodaboda ikapiga honi mara mbili nyuma ya ukuta, Rubi hakutikisika. Kila baada ya muda aliinua macho kumtazama Sidi, na kila mara Sidi alimpa kile pekee alichokuwa nacho, sauti yake. "Vizuri, Rubi. Vizuri."

Kisha Kioko alimwamuru aende hatua kumi mbele, ageuke, anyamaze. Mtu mmoja asiyefahamika, amevaa koti la mvua juani, alitoka nyuma ya gari. Alipita mbele ya Rubi na kudondosha kipande cha ini, kikubwa, chekundu, kikaanguka pale penye nyasi fupi.

Rubi alishusha pua.

Sidi hakuruhusiwa kusema wala kunyoosha kidole. Alisimama tu. Aliiona pua ikilisogelea ini, ikatulia kando yake. Aliona ubavu wa mbwa ukipanda na kushuka. Alifikiria mlingoti na duara na vumbi jeupe, na alijua kwamba kama Rubi angekula, kosa lisingekuwa la Rubi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Rubi aliinua kichwa. Alipitisha macho yake juu ya ini, juu ya nyasi, juu ya hatua kumi zile, mpaka akafika usoni kwa Sidi, na hapo akatulia. Alimtazama mpaka filimbi ikalia.

"Amefaulu," Kioko alisema, na akaandika kwenye karatasi yake bila haraka. Bwana mwenye kofia alitingisha kichwa kukubali.

Sidi alizikata hatua kumi zile na kuchuchumaa mbele ya mbwa. Upawa ulikuwa mezani, mbali. Ini lake lilikuwa mezani. Rubi alikuwa bado anamtazama, anasubiri, kwa imani iliyomfanya Sidi aone haya. Angeweza kwenda mezani, na mezani hapakuwa mbali kiasi hicho. Badala yake alinyoosha mkono wake wa kulia, mtupu, kiganja juu.

Rubi alikinusa. Hakikuwa na kitu. Alikinusa tena ili awe na hakika, kisha akakilamba, kuanzia kifundoni hadi ncha za vidole, polepole, na tena, na tena. Ulimi ulikuwa na joto. Wahenga walisema walivyosema kuhusu mkono mtupu, lakini wahenga hawakumjua Rubi.

Mferejini, kwenye bomba la pale kiwanjani, maji yalikuwa yamekatika tangu alfajiri. Sidi aliufunga mkono wake kwenye mfuko safi wa karatasi, akapanda tuk-tuk, na njia nzima aliuweka mbali na nguo zake kama mtu aliyevunjika. Dereva alimpa pole. Akaipokea, angefanya nini.

Bi Fadhiya alikuwa mlangoni pa uani, ametandaza kanga kwenye kamba. Adhana ya adhuhuri ilikuwa bado nusu saa.

"Umeguswa?"

Sidi alisimama pale kizingitini, hakuingia. "Nimeguswa, mama. Hakuniponyoka. Nilimpa mkono mwenyewe."

Bi Fadhiya alimtazama. Aliutazama mfuko wa karatasi, akautazama uso. Kisha akaigeukia ndoo. Alichota maji kwa kopo, akachukua sinia kuukuu, akaenda kwenye chungu cha mrehani wake, ule mrehani ambao jirani akichuma jani moja bila ruhusa huzungumziwa wiki nzima, akaukwangua udongo wa juu kwa kijiko na kuutia majini.

"Leta mkono."

Sidi aliufungua. Maji ya udongo yalipita juu ya kiganja na kati ya vidole, yakanuka mrehani.

"Moja," Bi Fadhiya alisema. Akachota maji safi. "Mbili. Sugua kucha. Tatu."

Alimimina bila haraka, kama anayemwosha bibi harusi, na Sidi akasugua. Nne. Tano. Sita. Ya saba aliimimina ndefu kuliko zote, mpaka kopo likaisha.

"Amefaulu?" aliuliza, akikung'uta kopo.

"Amefaulu, mama. Nyama ilikuwa chini, mbele yake, akaniangalia mimi."

"Yeye akujua, basi."

"Anijua."

Bi Fadhiya alikitazama chungu chake cha mrehani, mahali penye shimo dogo.

"Kesho njoo na udongo kutoka huko Tudor," alisema. "Jaza mfuko mzima. Huu wangu hautatosha."